Sentensi za Kiingereza zenye kutatanisha

Sentensi za Kiingereza zenye kutatanisha ni sentensi zinazofuata kanuni zote za sarufi ya lugha hiyo, lakini msomaji anapozisoma mara ya kwanza huziona kama zimekosewa, hazina maana, au zina maana nyingine kabisa. Jambo hili halimpati mgeni wa lugha peke yake. Hata mtu aliyezaliwa na kukua akisema Kiingereza hukwama, hurudi nyuma, na wakati mwingine hukataa kabisa kwamba sentensi aliyoisoma ni sahihi.

Wanaisimu huzichunguza sentensi hizi kwa sababu zinaonyesha kwamba kuwa sahihi kisarufi na kueleweka ni mambo mawili tofauti. Wanasaikolojia huzitumia kupima jinsi ubongo unavyoipokea lugha neno kwa neno. Kwa mwanafunzi wa Afrika Mashariki anayesomea masomo yake kwa Kiingereza, zina umuhimu mwingine wa karibu zaidi: maelekezo ya mtihani, ya dawa au ya mkataba yanaweza kuandikwa kwa muundo huohuo, na kosa la kusoma likageuka kosa la kutenda.

## Usahihi na maana

Mwaka 1957 mwanaisimu wa Marekani Noam Chomsky alichapisha kitabu chake *Syntactic Structures*. Ndani yake alitoa mfano uliopata umaarufu mkubwa: sentensi inayosema kwamba mawazo ya kijani yasiyo na rangi hulala kwa ghadhabu. Kitu chenye rangi ya kijani hakiwezi kukosa rangi, mawazo hayana rangi, wala hayalali. Hata hivyo kila neno limekaa mahali pake, kiima kina kitenzi chake, na kila msemaji wa Kiingereza hukubali kwamba muundo wake ni sawa. Chomsky alitaka kuonyesha kwamba sarufi ina kanuni zake zinazojitegemea, zisizotokana na maana ya maneno.

Sentensi zinazoelezwa katika makala hii ni za upande mwingine wa jambo hilohilo. Zina sarufi sahihi na zina maana ya kawaida kabisa, ila maana hiyo imejificha.

## Kwa nini Kiingereza

Kila lugha ina sentensi tata, lakini Kiingereza kina sifa kadhaa zinazoongeza uwezekano wa msomaji kupotea:

* Neno moja kuwa la aina nyingi. Neno *fish* ni nomino (samaki) na pia ni kitenzi (kuvua samaki), bila kubadilika umbo. Vivyo hivyo *water, book, man, hand, face* na mengine mengi.
* Mwisho wa *-s*. Herufi hii huonyesha wingi wa nomino, na pia huonyesha kitenzi cha wakati uliopo chenye kiima cha nafsi ya tatu umoja. Kwa hiyo *flies* inaweza kuwa "nzi" wengi au "huruka".
* Mwisho wa *-ed*. Kwa vitenzi vingi, umbo la wakati uliopita na umbo la kutendwa ni moja. *Heated* inaweza kuwa "ilipasha moto" au "iliyopashwa moto".
* Kuacha virejeshi. Maneno *that, who* na *which* yanaweza kuachwa mahali pengi, na sentensi ikabaki sahihi.
* Kupanga nomino pamoja. Nomino mbili, tatu au zaidi zinaweza kufuatana bila kiunganishi chochote, na msomaji akaachiwa kazi ya kujua ipi inaieleza ipi.

Chanzo cha sifa nyingi kati ya hizi ni historia. Kiingereza cha Kale, kilichotumika hadi karibu mwaka 1100, kilikuwa na viambishi vingi vya mwisho vilivyoonyesha kama nomino ni mtenda au mtendwa. Katika karne zilizofuata viambishi hivyo vilipotea kwa sehemu kubwa, na kazi yake ikachukuliwa na mpangilio wa maneno. Mpangilio ukipotosha, hakuna alama nyingine ya kumwokoa msomaji.

## Aina za sentensi hizi

### Sentensi za njia ya bustani

Jina hili linatokana na msemo wa Kiingereza wa kumpeleka mtu kwenye njia ya bustani, maana yake kumhadaa polepole mpaka ajikute pasipo njia. Sentensi huanza kwa namna inayomfanya msomaji aamini kwamba ameuelewa muundo wake. Mwishoni hutokea neno lisilo na mahali pa kukaa.

Mfano unaotajwa zaidi kuliko yote ulitolewa na mwanasaikolojia Thomas Bever mwaka 1970:

*The horse raced past the barn fell.*

Msomaji huanza vizuri: "Farasi alikimbia akapita karibu na banda." Halafu anakutana na *fell*, "alianguka", na sentensi inavunjika. Ukweli ni kwamba *raced* hapa si "alikimbia" bali "aliyekimbizwa", na maneno *that was* yameachwa. Maana kamili ni: "Farasi aliyekimbizwa kupita karibu na banda alianguka." Kitenzi kikuu ni *fell* peke yake.

Uthibitisho kwamba tatizo liko kwenye umbo la *raced* hupatikana kwa kubadili kitenzi. Sentensi *The horse ridden past the barn fell*, yaani "Farasi aliyepandwa kupita karibu na banda alianguka", haimsumbui msomaji sana. *Ridden* ni umbo la kutendwa tu. Wakati uliopita wake ni *rode*. Umbo lenyewe limeshatoa taarifa mapema.

Mfano mwingine wa aina hiyo ni *The nurse handed the letter smiled.* Muuguzi hakumpa mtu barua. Yeye ndiye aliyepewa. "Muuguzi aliyepewa barua alitabasamu."

Wakati mwingine mtego uko kwenye aina ya neno:

*The young fish the lake at night.*

Macho yanaona *the young fish*, "samaki wachanga", kisha yanatafuta kitenzi na hayakioni. Lakini *the young* peke yake inaweza kumaanisha "vijana", na *fish* ni kitenzi. "Vijana huvua samaki ziwani usiku."

Wakati mwingine tena mtego uko kwenye mpaka wa vishazi:

*While the woman cooked the goat escaped.*

Msomaji anamweka mbuzi chunguni kabla ya wakati. Maana yake ni: "Mwanamke alipokuwa akipika, mbuzi alitoroka." Mkato mmoja baada ya *cooked* ungeondoa shida yote, na walimu wengi wa uandishi hushauri uwekwe. Hata hivyo, kukosekana kwake hakuifanyi sentensi ikose muundo wa kisarufi.

### Vishazi ndani ya vishazi

Kanuni za Kiingereza zinaruhusu kishazi rejeshi kuwekwa katikati ya sentensi, na kingine kuwekwa katikati ya hicho, bila kikomo chochote kilichowekwa na sarufi. Tazama hatua hizi tatu:

1. *The book sold well.* (Kitabu kiliuzwa sana.)
2. *The book the teacher wrote sold well.* (Kitabu alichoandika mwalimu kiliuzwa sana.)
3. *The book the teacher the school hired wrote sold well.* (Kitabu alichoandika mwalimu aliyeajiriwa na shule kiliuzwa sana.)

Hatua ya pili ni rahisi. Hatua ya tatu imeongeza maneno matatu tu, lakini wengi hushindwa. Sababu ni kwamba nomino tatu zimepangwa kwanza, kisha vitenzi vitatu vinakuja kwa mpangilio wa kinyume: nomino ya mwisho (*school*) inachukua kitenzi cha kwanza (*hired*), ya kati (*teacher*) inachukua cha kati (*wrote*), na ya kwanza (*book*) inasubiri mpaka mwisho (*sold*). Msomaji analazimika kuzishika nomino zote kichwani kabla ya kuanza kuzigawia vitenzi.

George Miller na Noam Chomsky waliandika juu ya sentensi za namna hii mwaka 1963. Walieleza kwamba kinachoshindwa hapa ni kumbukumbu ya binadamu ya muda mfupi, wala si sarufi. Mwaka 1999 watafiti Edward Gibson na James Thomas walionyesha jambo la kushangaza zaidi: sentensi ya muundo huu ikiondolewa kitenzi kimoja, na hivyo kuwa na kosa la kweli, wasomaji wa Kiingereza wanaweza kuiona si mbaya kuliko ile iliyo kamili.

### Neno moja kurudiwa

Aina hii hupendwa na wachezaji wa maneno, lakini ina somo ndani yake. Sentensi maarufu kuliko zote ina neno moja tu lililoandikwa mara nane:

*Buffalo buffalo Buffalo buffalo buffalo buffalo Buffalo buffalo.*

Neno hili lina maana tatu. Kwanza, *Buffalo* yenye herufi kubwa ni mji katika Jimbo la New York nchini Marekani. Pili, *buffalo* ni nyati, na wingi wake unaweza kuandikwa bila kubadilika. Tatu, ni kitenzi kinachotumika hasa Marekani, maana yake kutisha au kubabaisha. Neno la kwanza na la pili ni "nyati wa Buffalo". La tatu na la nne ni "nyati wa Buffalo" wengine. La tano na la sita ni vitenzi. La saba na la nane ni tena "nyati wa Buffalo". Kirejeshi kimeachwa kati ya neno la pili na la tatu. Kwa Kiswahili: "Nyati wa Buffalo ambao nyati wa Buffalo huwababaisha, huwababaisha nyati wa Buffalo." Muundo wake ni uleule wa hatua ya pili ya mfano wa kitabu hapo juu. Mwandishi Dmitri Borgmann alishacheza na neno hili katika kitabu chake cha mwaka 1967, na William Rapaport, aliyefundisha katika chuo kikuu cha mji huohuo wa Buffalo, amekuwa akiitumia sentensi ya namna hii tangu mwaka 1972.

Mfano wa pili unahusu wanafunzi wawili, James na John, waliotakiwa kujaza kitenzi katika zoezi. Ukiandikwa bila alama za uandishi hausomeki, kwa sababu una *had* kumi na moja. Ukiwekewa alama unakuwa hivi:

*James, while John had had "had", had had "had had". "Had had" had had a better effect on the teacher.*

Yaani, wakati John alikuwa ameandika "had", James alikuwa ameandika "had had", na jibu la James lilimpendeza mwalimu zaidi.

Mfano wa tatu unalinganishwa kwa urahisi na Kiswahili:

*The teacher said that that that that that pupil wrote was wrong.*

*That* ya kwanza ni kiunganishi, ya pili ni kionyeshi, ya tatu ni neno lenyewe linalozungumziwa, ya nne ni kirejeshi, na ya tano ni kionyeshi tena. Kwa Kiswahili: "Mwalimu alisema kwamba lile neno 'that' ambalo yule mwanafunzi aliliandika lilikuwa na makosa." Kazi tano zimefanywa na maneno matano tofauti.

### Ukanushi unaodanganya

Aina hii ndiyo ya hatari zaidi, kwa kuwa msomaji hajui kwamba amepotea. Mwaka 1979 wanasaikolojia Peter Wason na Shuli Reich walichapisha uchunguzi wao juu ya sentensi zenye muundo kama huu:

*No wound is too small to ignore.*

Karibu kila anayeisoma huelewa: "Usipuuze kidonda chochote, hata kiwe kidogo namna gani." Lakini maneno hayasemi hivyo. Linganisha na *No wound is too small to treat*, ambayo maana yake ni kwamba hakuna kidonda kidogo kiasi cha kutotibiwa. Yaani vyote vitibiwe. Kwa kanuni hiyohiyo, sentensi ya kwanza inasema hakuna kidonda kidogo kiasi cha kutopuuzwa. Yaani vyote vipuuzwe. Ukanushi umefichwa mahali patatu: katika *no*, katika *too*, na ndani ya maana ya kitenzi *ignore*. Ubongo unapochoka kuhesabu, huchukua maana inayolingana na busara ya kawaida na kuendelea mbele.

Kuna pia kinyume cha sentensi hizi, yaani zinazosikika sawa lakini hazina maana. *More students have visited Nairobi than he has* hupita masikioni bila kugonga. Ukijaribu kueleza ni nani wanaolinganishwa na nini, unagundua kwamba hakuna ulinganisho wowote.

### Vichwa vya habari

Magazeti hufupisha vichwa vya habari kwa kuondoa virejeshi na vitenzi visaidizi, kwa hiyo hutoa mifano mingi bila kukusudia. Mwaka 2009 gazeti moja la Kiingereza nchini Japani liliandika kichwa *Violinist Linked to JAL Crash Blossoms*. Habari ilihusu mpiga fidla ambaye baba yake alikufa katika ajali ya ndege ya Japan Airlines ya mwaka 1985, na ambaye sasa alikuwa anafanikiwa katika muziki. *Blossoms* ni kitenzi, "anachanua". Wasomaji waliona nomino, "maua ya ajali", wakashangaa ni maua gani hayo. Tangu wakati huo wahariri wa Kiingereza huviita vichwa vya aina hii kwa jina hilohilo la maua ya ajali.

## Kinachotokea akilini

Mtu hasubiri nukta ndipo aanze kuelewa. Kila neno linapoingia, ubongo hulipachika mara moja kwenye muundo unaojengwa. Ndiyo maana mazungumzo ya kawaida yanawezekana, na ndiyo maana pia mtego unaweza kufanya kazi.

Mwanaisimu Lyn Frazier alipendekeza kanuni mbili zinazoongoza ujenzi huo. Ya kwanza ni kwamba msomaji huchagua muundo ulio mwepesi kuliko mingine. Ya pili ni kwamba neno jipya huunganishwa, kama inawezekana, na kishazi kinachoendelea badala ya kufungua kingine. Kanuni ya kwanza inaeleza farasi wa Bever: "alikimbia" ni mwepesi kuliko "aliyekimbizwa". Ya pili inaeleza kwa nini mbuzi huonekana kupikwa. Mwaka 1982 Frazier na Keith Rayner walipima mwendo wa macho ya wasomaji, wakaona kwamba macho hukawia kwenye sehemu inayofichua mtego na mara nyingi hurudi nyuma.

Watafiti wengine hawakukubali kwamba muundo peke yake ndio unaotawala. Katika miaka ya 1990 John Trueswell, Michael Tanenhaus na wenzao walionyesha kwamba maana ya maneno nayo husaidia mapema. Kiima kikiwa kitu kisichoweza kutenda, kwa mfano ushahidi unaochunguzwa, msomaji hapotei sana, kwa kuwa ushahidi hauchunguzi, huchunguzwa. Mjadala kati ya pande hizi mbili umekuwa mmojawapo wa mijadala mikubwa ya isimu saikolojia.

Vipimo vya umeme wa ubongo vimeongeza ushahidi. Mwaka 1992 Lee Osterhout na Phillip Holcomb walionyesha kwamba neno linapovunja muundo unaotarajiwa, hutokea wimbi maalumu la umeme takriban milisekunde 600 baadaye, yaani zaidi kidogo ya nusu sekunde.

Jambo la kuzingatiwa zaidi na walimu liligunduliwa mwaka 2001 na Kiel Christianson, Fernanda Ferreira na wenzao. Waliwapa watu sentensi za aina ya mbuzi aliyetoroka, kisha wakawauliza maswali. Wengi walitambua vizuri kitendo cha mwisho, lakini bado walishikilia pia ile maana ya kwanza iliyo potofu. Kwa mfano wa makala hii, ni kama mtu kujibu kwamba mbuzi alitoroka na pia kwamba alikuwa anapikwa. Msomaji anaweza kuona kwamba amekosea, akarekebisha nusu, na kosa likabaki kumbukumbuni.

## Kompyuta na sentensi tata

Katika miaka ya 1960, Susumu Kuno na Anthony Oettinger wa Chuo Kikuu cha Harvard walikuwa wakitengeneza programu ya kuchambua sentensi za Kiingereza. Mfano uliopata umaarufu kutokana na kazi ya namna hiyo ni msemo wa kawaida *Time flies like an arrow*. Binadamu huona maana moja: wakati hupita upesi kama mshale. Kompyuta, isiyo na uzoefu wa maisha, inaona zaidi: "Nzi wa aina iitwayo wakati hupenda mshale", au tena, "Pima mwendo wa nzi kama unavyopima wa mshale". Zote zinaruhusiwa na sarufi. Programu za kutafsiri zimeendelea sana tangu wakati huo, lakini bado tafsiri ya sentensi tata inahitaji kukaguliwa na mtu anayejua habari yenyewe.

## Ulinganisho na Kiswahili

Sentensi nyingi kati ya zilizotajwa hupoteza utata wake zikiingia katika Kiswahili. Kitenzi cha Kiswahili hubeba kiambishi cha kiima, cha wakati, na mara nyingi cha urejeshi na cha yambwa. *Alikimbia, aliyekimbia* na *aliyekimbizwa* ni maumbo matatu tofauti, hivyo farasi wa Bever hana mahali pa kujificha. Ngeli nazo husaidia: katika "Kitabu alichokiandika mwalimu aliyeajiriwa na shule kiliuzwa sana", kiambishi *ki-* cha mwisho kinamrudisha msomaji moja kwa moja kwenye kitabu, hata baada ya mwalimu na shule kupita katikati.

Hata hivyo Kiswahili kina mitego yake. "Wale wale wali" huanza kama kusema "watu walewale", kisha kitenzi kinakosekana. *Wale* ya pili ni kitenzi *kula* katika hali ya kutaka: "Watu wale, na wale wali." "Fundi alitengeneza barabara" ina maana mbili, na katika usemi mkazo ndio unaozitenganisha, njia au vizuri, katika maandishi mkazo hauonekani. "Mwalimu alimwona mwanafunzi akitoka darasani" haisemi ni nani aliyekuwa anatoka, kwa kuwa wote wawili ni wa ngeli moja. Na "Alimpikia mama wali" inaweza kuwa alimpikia ili mama ale, au alipika kwa niaba ya mama. Mifano ya aina hii hufundishwa shuleni kwa jina la utata wa sentensi.

## Athari katika maisha

Utata wa muundo una gharama halisi. Katika jimbo la Maine nchini Marekani, sheria ya malipo ya saa za ziada iliorodhesha kazi zisizostahili malipo hayo, na orodha iliishia kwa maneno *packing for shipment or distribution*, bila mkato kabla ya *or*. Madereva wa kampuni ya maziwa ya Oakhurst Dairy walidai kwamba kilichotajwa ni kazi moja tu, ya kufungasha, iwe kwa ajili ya kusafirisha au ya kusambaza. Wao walisambaza tu, hawakufungasha, hivyo walistahili malipo. Mwaka 2017 mahakama ya rufani iliamua kwamba maneno hayo yana utata, na utata huo ukawanufaisha madereva. Mwaka 2018 shauri lilimalizika kwa makubaliano ya dola milioni 5, na sheria ikaandikwa upya.

Katika shule za sekondari za Tanzania, Kenya na Uganda, masomo mengi hufundishwa na kutahiniwa kwa Kiingereza. Swali la sayansi linaweza kuandikwa: *The water heated in the flask lost 20 grams.* Mwanafunzi anayesoma "maji yalipata moto chupani" halafu akakwama kwenye *lost* anaweza kushindwa swali ambalo jibu lake analijua. Kilichopimwa hapo ni virejeshi vya Kiingereza, na alama inaandikwa chini ya fizikia.

## Namna ya kuzisoma na kuziepuka

Msomaji aliyekwama anaweza kufuata hatua hizi:

* Atafute vitenzi vyote, kisha aulize kila kimoja kiima chake ni kipi.
* Kitenzi kikizidi, arudi kwenye kitenzi cha kwanza na kujaribu kukisoma kama cha kutendwa: si "alifanya" bali "aliyefanyiwa".
* Arudishe maneno yanayoweza kuwa yameachwa: *that, who was, which were*.
* Neno linaloonekana kuwa nomino alijaribu kama kitenzi, na kinyume chake.
* Sentensi ikiwa na ukanushi zaidi ya mmoja, aibadilishe kuwa ya kukubali, hatua moja baada ya nyingine.

Mwandishi naye ana wajibu wake. Maneno mawili ya nyongeza, *The water that was heated in the flask lost 20 grams*, yanatosha kumwondolea msomaji mzigo. Mkato baada ya kishazi tegemezi kinachotangulia, kugawa sentensi ndefu kuwa mbili, na kuepuka ukanushi juu ya ukanushi ni njia nyingine zinazofaa. Kwa maelekezo ya mtihani, ya tiba na ya sheria, haitoshi kwamba sentensi ni sahihi kisarufi. Inatakiwa isomeke kwa maana moja tu, na isomeke hivyo mara ya kwanza.